Pesa za mtoto ni za nani?

Kuna picha moja ambayo hata mtu asiyejua habari za sinema huenda amewahi kuiona, kwenye kalenda au kwenye ukuta wa kinyozi. Mwanamume mwenye masharubu madogo na kofia ya duara ameketi kizingitini. Kando yake ameketi mtoto wa miaka mitano hivi, amevaa kofia iliyomzidi kichwa na suruali iliyochakaa. Wote wawili wanachungulia upande mmoja, kama wapangaji wanaongoja mwenye nyumba apite kwanza ndipo watoke. Mwanamume huyo ni Charlie Chaplin. Mtoto ni Jackie Coogan. Filamu inaitwa The Kid, nayo ilitoka mwaka 1921. Humo hakuna mtu anayesikika akisema hata neno moja, kwa sababu sinema za wakati ule zilikuwa bubu.

Marehemu baba yangu alimwita Chaplin "Chale". Hakuwahi kwenda kwenye ukumbi wa sinema maishani mwake. Alimwona kwenye shuka jeupe lililotundikwa uwanjani, gari la sinema lilipopita kwao, na kila alipomsimulia ilibidi asimame ili amwige anavyotembea. Nadhani ndiyo sababu filamu hii nimeitazama mara nyingi kuliko nyingine yoyote, na wanangu nao nimewalazimisha waitazame. Msomaji usicheke. Mtoto aliyezoea katuni za rangi humchukua kama dakika kumi kukubali kwamba picha isiyo na rangi wala maneno inaweza kumchekesha. Zikipita hizo dakika kumi, humwondoi tena hapo.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Mwanamke aliyezaa bila ndoa anatoka katika hospitali ya maskini na kitoto mikononi, naye hana pa kwenda. Anaona gari la kifahari mbele ya jumba la matajiri, anakilaza kitoto kiti cha nyuma na kuacha barua fupi ya kumsihi atakayekikuta akilee. Kumbe gari lenyewe linaibwa dakika hiyo hiyo. Wezi wakigundua wana abiria, wanamtupa kichochoroni karibu na pipa la taka. Hapo ndipo anapopita Chaplin katika matembezi yake ya asubuhi, nguo zimechanika lakini bakora iko mkononi kama ya bwana mkubwa. Anakiona kitoto, anatazama juu kwenye madirisha, maana katika mtaa huo takataka humwagwa kutoka juu.

Kisha anajaribu kwa kila njia kukitua mzigo huo. Anakitia katika kigari cha mama mmoja mwenye mtoto wake, mama anakuja juu. Anamtwika mzee mmoja na kutoroka, na mzee naye anakirudisha kwenye kigari kile kile, halafu Chaplin ndiye anayepigwa. Mwishowe anaketi ukingoni mwa barabara na kuinua kifuniko cha mfereji wa maji machafu. Anakitazama kitoto. Anautazama mfereji. Watu hucheka hapo, lakini ni kicheko cha mtu aliyeshtuka. Anakifunika kifuniko, anaisoma ile barua, na anakwenda na mtoto nyumbani.

Huko nyumbani ndiko ninakokupenda mimi. Mwanamume asiye na mke, asiye na kazi wala jirani wa kumwelekeza, anabuni ulezi. Mtoto ananing'inizwa katika bembea ya kitambaa, na juu yake imetundikwa birika ya kahawa iliyovishwa chuchu kwenye mdomo wake ili anyonye atakapo. Kiti kinatobolewa tundu katikati ili kiwe choo. Baba yeyote aliyewahi kuachiwa mtoto mchanga siku mbili tu atakubali kwamba huo ni ufundi wa kiwango cha juu.

Inapita miaka mitano. Mtoto sasa ana kazi: anatangulia mtaani akivunja vioo vya madirisha kwa mawe, na dakika chache baadaye Chaplin anatokea na vioo mgongoni, fundi mwema aliyepita kwa bahati. Askari ndiye anayeanza kushuku. Mtoto ndiye anayepika chapati za maji huku baba amelala bado. Anazihesabu na kuzigawa sawasawa, halafu anamwita baba aamke, na baba anainuka akiligeuza blanketi lenye tundu kuwa vazi. Sisi tuliokaa Nairobi miaka ya 1990 tuliwaona kila siku watoto wa namna hii, wakilinda magari na kubeba magunia, tukawaita chokoraa na kufunga vioo. Katika filamu hii hatuna kioo cha kufunga. Tunakaa nao chumbani mpaka tunajua nani anapenda sharubati juu ya chapati yake.

Kisha mtoto anaugua. Anaitwa daktari, naye badala ya kushughulika na homa anauliza: wewe ndiye baba wa mtoto huyu? Chaplin hajui kusema uongo mbele ya mtu mwenye tai, anamwonyesha ile barua aliyoihifadhi. Daktari anaahidi kwamba mtoto atapatiwa matunzo yafaayo, na matunzo hayo yanawasili kwa lori, yakiwa na maofisa wawili na amri ya kumpeleka mtoto kwenye makao ya mayatima. Hawazungumzi hata na Chaplin moja kwa moja. Mkubwa anamwambia mdogo wake, mdogo ndiye anayeuliza. Inazuka vita ndani ya kile chumba, mtoto mwenyewe akipigana kwa nyundo, lakini nguvu hazilingani. Anatupwa nyuma ya lori kama mbwa wa manispaa.

Na hapo ndipo inapokuja sehemu ambayo, naweza kusema bila kutia chumvi, bado haijapata mfano wake katika sinema za watoto kwa zaidi ya miaka mia moja. Jackie Coogan amesimama nyuma ya lori, mikono imenyooshwa, mdomo umepanuka, machozi yanamtiririka. Anamwomba yule ofisa. Anaomba mbingu. Hatusikii sauti na hatuihitaji. Chaplin anamponyoka askari, anapita dirishani na kukimbia juu ya mapaa ya nyumba sambamba na lori hilo, mpaka anapoliruka, anamfukuza ofisa, na baba na mwana wanakumbatiana huku wote wawili wanatetemeka.

Binti yangu mdogo aliniuliza, mara ya kwanza alipoitazama: "Baba, huyo mtoto analia kweli au anaigiza?"

Jibu lipo, na alilitoa Chaplin mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1964. Anasema Jackie aliweza kuiga chochote ulichomwonyesha, lakini siku ya kupiga sehemu ya machozi aliamka na furaha zake. Chaplin akamsimulia mambo ya huzuni, wapi. Baba yake Jackie, aliyekuwa mwigizaji na mchezaji dansi wa majukwaani, akasema yeye atamliza. Chaplin akasihi mtoto asitishwe wala kuumizwa, baba akamhakikishia kwamba hilo halitakuwa, na Chaplin, kwa kukosa moyo wa kutazama, akajiondoa akaingia chumba chake. Punde akasikia kilio. Mtoto tayari. Baba mtu alikuwa amemwambia kwamba asipolia, ataondolewa hapo studio na kupelekwa kweli kweli kwenye nyumba ya maskini.

Baada ya kupiga picha, Chaplin alimpakata mtoto na kumtuliza kwamba hakuna atakayemchukua. Jackie, mashavu bado yamelowa, akamnong'oneza kwamba alijua, na kwamba baba yake alikuwa akimtania tu.

Huo ndio mwisho wa kisa kama anavyokisimulia Chaplin, na watu wengi hukisoma wakapumua. Mimi sipumui. Nimelea watoto, na najua kwamba mtoto wa miaka mitano hutambua haraka sana mkubwa anayehitaji kufarijiwa. Huenda Jackie alijua. Huenda vilevile alimwona mtu mzima ana uchungu usoni, akampa neno la kumtua. Hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Lakini machozi tunayoyaona ni ya mtoto aliyeambiwa na baba yake mzazi kwamba atapelekwa kule, wala hayatoki kwa ufundi wa kuigiza.

Kinachonizuia nisimhukumu Chaplin upesi ni kwamba huko "kule" yeye alikuwa amefika. Alizaliwa London mwaka 1889. Baba yake aliitelekeza nyumba na pombe ikammaliza mwaka 1901. Mama yake, Hannah, aliugua akili. Mwaka 1896, Charlie akiwa na umri wa miaka saba, mama na wanawe waliingia katika nyumba ya maskini ya Lambeth, mahali ambapo wazazi walitengwa na watoto wao mlangoni. Kutoka hapo akapelekwa shule ya watoto mafukara huko Hanwell. Kwa hiyo lile lori lilitoka katika kumbukumbu yake mwenyewe. Na kuna jambo jingine. Mwezi Julai mwaka 1919 mkewe, Mildred Harris, alijifungua mtoto wao wa kwanza wa kiume, na mtoto huyo aliishi siku tatu tu. Mwaka huo huo Chaplin alianza kupiga filamu juu ya mwanamume anayeokota mtoto asiye wake na kukataa kumwachilia. Sitaki kujifanya daktari wa nafsi, lakini mwenye macho ataona.

Jackie naye alizaliwa mwaka 1914 huko Los Angeles, na Chaplin alimwona jukwaani pamoja na baba yake. Filamu ilipotoka, dunia ilichizika. Mtoto huyo akawa mtu mashuhuri kabla hajang'oka meno ya utotoni. Uso wake ukauzia watu siagi ya njugu, karatasi za kuandikia, filimbi na wanasesere. Mwaka 1924 alifanywa balozi wa kuchangisha chakula na nguo kwa ajili ya watoto mayatima wa Armenia na Ugiriki. Inakadiriwa kwamba katika miaka ile ya utoto alichuma kati ya dola milioni 3 na milioni 4. Hizo ni dola za wakati ule.

Baba yake, yule yule aliyemliza, alizisimamia pesa hizo kwa uangalifu kwa kadiri tunavyojua. Lakini mwezi Mei mwaka 1935 alifariki katika ajali ya gari huko California. Jackie alikuwamo ndani ya gari hilo, na ni yeye peke yake aliyetoka hai. Miezi michache baadaye akatimiza miaka 21, umri ambao alitarajia kukabidhiwa mali yake. Hakukabidhiwa. Mama yake alikuwa ameolewa na Arthur Bernstein, mtu aliyekuwa akishughulikia mambo ya fedha ya familia, na pesa zilikuwa zimekwenda kwenye makoti ya manyoya, vito na magari ya bei kubwa. Mwaka 1938 kijana akawashtaki mahakamani mama yake mzazi na baba wa kambo.

Utetezi wa mama ndio uliowatoa watu macho, maana ulikuwa wa kisheria kabisa. Alisema kwamba hakuna aliyewahi kumwahidi Jackie chochote, na kwamba kila senti anayoichuma mtoto kabla hajawa mtu mzima ni mali ya wazazi wake. Na sheria ya California wakati huo ilikuwa upande wake. Kesi ilipokwisha, na mawakili walipokwisha kuchukua chao, Jackie aliambulia kama dola 126,000. Alipokwama, alimwendea Chaplin, naye akampa dola 1,000 papo hapo bila kuuliza maswali.

Fedheha hiyo ndiyo iliyozaa sheria ya mwaka 1939 huko California, ambayo hadi leo watu huiita Sheria ya Coogan. Mwanzoni ilikuwa na matundu kama chekecheke, na watoto wengi mashuhuri waliendelea kuibiwa na watu wao wa ndani. Tangu mwaka 2000 imekazwa: mapato ya mtoto mwigizaji ni mali ya mtoto mwenyewe, na asilimia 15 lazima iwekwe katika akaunti asiyoweza kuigusa mtu mpaka mtoto awe mtu mzima.

Nilikuwa nikizisoma habari hizi kama mambo ya huko Marekani, mpaka jambo kama hilo lilipoingia nyumbani kwa dada yangu.

Mpwa wangu alikuwa na miaka sita alipochaguliwa kuigiza katika tangazo la biashara, la unga wa uji. Alichaguliwa kwa sababu ya mashavu yake, na kwa sababu alikuwa haogopi watu. Hadithi ya tangazo ilikuwa ya sekunde thelathini: mtoto ana njaa, amenuna, uso umemwanguka, mama analeta kikombe, mtoto anacheka. Siku ya kupiga picha dada yangu aliambiwa akae nyuma ya pazia ili mtoto asimwangalie yeye badala ya kamera. Sehemu ya kucheka ilikwenda vizuri, isipokuwa kwamba ilirudiwa mara nyingi na kila mara kwa kikombe kingine cha uji, hata mtoto akatapika. Ikabaki ile ya kununa. Mpwa wangu hajui kununa. Kijana mmoja wa pale akamchutamia, akamwambia kwa sauti ya upole kabisa: "Mama yako ameenda. Amesema harudi."

Dada yangu alisikia. Anasema hakumbuki alivyolipita lile pazia. Alimbeba mwanawe mgongoni, mkubwa alivyokuwa, akawaambia: "Msimdanganye mtoto wangu kwa jina langu." Lakini kamera ilikuwa imekwisha kupata ilichokitaka. Tangazo lilipoanza kuonyeshwa kwenye runinga, majirani wote wa ile ploti walisifu: jamani, kijana anajua kuigiza! Tazama alivyohuzunika!

Malipo yalichukua miezi minne. Ilikuwa hundi ya shilingi 36,000, kwa jina la shemeji yangu, kwa kuwa mtoto wa miaka sita hawezi kutia sahihi. Na ilifika wiki ile ile ambayo msichana wao mkubwa alikuwa amerudishwa nyumbani kwa karo, na kodi ya nyumba ilikuwa imechelewa. Dada yangu akaniita. Tukakaa sebuleni, mimi, wao wawili, na mama yetu aliyekuwa amekuja kutoka nyumbani kwa matibabu ya macho.

Shemeji hakuwa na makosa katika hesabu yake. "Shemeji, hebu niambie," alinigeukia. "Mtoto ana pesa gani? Nguo anavaa zangu, analala kwenye nyumba ninayolipia mimi. Yeye kazi aliyofanya ni kula uji." Tukacheka wote, hata dada yangu aliyekuwa amekasirika. Kisha akasema polepole: "Na alilia. Usisahau alilia."

Mama ndiye aliyetutoa kwenye matope. Alituuliza kama tunakumbuka kuku wetu. Kule kwetu mtoto akipewa kifaranga, kuku huyo ni wake. Analala na wengine, anakula punje za nyumba, mayai yake yanaliwa na wote, lakini kila mtu anajua ni wa fulani. Mgeni akija ghafla na kuku huyo akachinjwa, baba hawezi kunyamaza tu kwa sababu yeye ndiye mwenye boma. Anamwita mtoto, anamwambia nimemchukua kuku wako, na anamrudishia mwingine. Mama alikumbuka kwamba baba yetu aliwahi kukaa mwaka mzima na deni la jogoo, na kaka yetu mdogo alikuwa akimkumbusha kila Jumamosi. Mama akamaliza: "Karo ilipwe. Lakini aambiwe."

Ikawa hivyo. Karo ililipwa, kodi ikalipwa. Mtoto aliitwa akaambiwa, ingawa sina hakika alielewa, maana aliuliza tu kama anaweza kununuliwa mpira. Dada yangu akachukua daftari la kurasa 32 akaandika juu yake jina la mwanawe, na ndani: Baba anadaiwa shilingi 36,000. Akaweka tarehe. Shemeji akatia sahihi kwa tabasamu la mtu anayeshiriki mchezo wa watoto.

Miaka kumi na moja imepita, na mchezo huo haujaisha. Mpwa wangu yuko Kidato cha Tatu, na daftari lipo kabatini. Mistari yake haina mpangilio: 500, 1,000, mwaka mzima hakuna kitu, 3,000 wakati shemeji alipouza pikipiki, tena 500. Jumla iliyorudishwa mpaka Pasaka iliyopita ni shilingi 21,500. Siku hiyo ya Pasaka ndipo nilipowatazamisha The Kid, nikawasimulia na kesi ya Jackie. Mpwa wangu akatoa simu yake akapiga hesabu: dola 126,000 katika milioni 4 ni kama senti tatu kwa kila dola. Akamtazama baba yake. Shemeji naye, bila kugeuza kichwa kutoka kwenye runinga, akasema: "Mimi nimefika asilimia sitini. Mwambie mjomba aandike hiyo gazetini."

Nimeandika. Na niongeze kwamba namheshimu shemeji yangu kwa jambo hilo. Kosa la akina Bernstein halikuwa kwamba walizitumia pesa tu. Nyumba nyingi zingetumia, hasa zile ambazo mwezi una siku nyingi kuliko mshahara. Kosa lilikuwa kumfanya mtoto aamini kwamba hakuwahi kuwa na kitu.

Siku hizi suala hili haliwahusu watoto wachache waliobahatika kuonwa na Chaplin au na mtu wa matangazo. Kila mwenye simu ana studio. Utakuta mtoto wa miaka mitatu ana wafuasi kuliko mbunge wake, akichezeshwa, akitishwa na mzaha, akipewa limau ili akunje uso, na video hiyo inaingiza pesa kwa akaunti ya mama au baba. Huko Marekani jimbo la Illinois lilipitisha sheria mwaka 2023 ya kuwawekea akiba watoto wanaoonyeshwa katika video za wazazi wao, na mwaka 2024 California nayo ikaipanua Sheria ya Coogan iwafikie. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 53, inamlinda mtoto dhidi ya kazi ya kinyonyaji na kusema kwamba maslahi yake ndiyo yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Ni maneno mazuri. Lakini hakuna ofisa atakayekuja sebuleni kwako kuuliza lile limau lilileta shilingi ngapi. Labda tuseme ni heri asije. Tumeona katika filamu jinsi maofisa wa lori wanavyofanya kazi.

Huenda utauliza Jackie aliishia wapi. Vita Kuu ya Pili ilipozuka alijiunga na jeshi akawa rubani wa ndege zisizo na injini, na mwaka 1944 aliruka na kutua na askari huko Burma usiku, nyuma ya majeshi ya Wajapani. Baada ya vita alirudi kwenye kazi yake ya zamani, nywele zimekwisha na tumbo limetokeza, na kati ya 1964 na 1966 akaigiza Uncle Fester, yule mjomba wa ajabu mwenye upara katika mchezo wa runinga wa The Addams Family. Watoto waliomcheka hapo hawakujua kabisa kwamba babu na nyanya zao walimlilia. Mwaka 1972 Chaplin, mzee wa miaka 82, aliporejea Marekani baada ya miaka 20 ya kuishi nje ili kupewa Oscar ya heshima, Jackie alikuwa miongoni mwa waliokwenda kumpokea. Alifariki mwaka 1984.

Kwa wanaotaka kuitazama pamoja na watoto, haihitaji gharama. Filamu za mwaka 1921 hazina tena haki miliki huko Marekani, kwa hiyo hii inapatikana bure kwenye intaneti. Zipo nakala mbaya zenye giza na muziki wa kubahatisha. Tafuta ile aliyoipunguza Chaplin mwenyewe mwaka 1971 na kuitungia muziki. Haifiki hata saa moja, hivyo hata mtoto mdogo atafika mwisho. Maandishi yanayotokea kati ya picha ni ya Kiingereza, basi mmoja wenu awe akiyasoma kwa Kiswahili kwa sauti. Nyumbani kwangu kazi hiyo hugombaniwa.

Kwa wale walio chini ya miaka sita, kaa karibu lori linapofika. Mwambie mapema kwamba baba atamfikia. Ndoto ya mbinguni, ambapo watu wa mtaa wote wameota mabawa hata mbwa akaruka, hiyo wakubwa huiona ndefu na watoto huiona fupi. Na mwishoni, askari anapomleta yule fukara hadi jumba la mama, mlango unafunguliwa, mtoto anamrukia, wote wanaingia ndani na mlango unafungwa. Filamu imekwisha. Hatuambiwi kama atapewa chumba, au chakula cha jioni tu na kuonyeshwa njia. Kwangu tumelibishania jambo hili kwa miaka. Binti yangu anasema alikaa. Mpwa wangu anasema inategemea nani aliandikwa kwenye hati ya nyumba.